Taka Tunayoilipia Mara Mbili

Kila mwisho wa mwezi vijana wa mkokoteni hubisha hodi kwangu kuchukua pesa ya taka. Nalipa bila kinyongo, kwani kazi wanaifanya. Lakini gunia wanalobeba lina maganda ya mhogo, wali uliochacha, chupa za maji na nepi, vyote pamoja. Hushushwa kwenye jaa la mtaa, kisha lori hulipeleka Mwakirunge kwa dizeli inayotoka kwenye kodi yangu. Nimelipa mara mbili, na chenye thamani kimeoza pamoja na kisicho nayo.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kabla ya Ramadhani nilianza kutenga, ndoo mbili. Siku ya kwanza kijana alizimwaga zote katika gunia moja mbele ya macho yetu. Mke wangu akaniuliza, "Sasa tulikuwa tunatenga nini?" Sikuwa na jibu.

Wapo wasemao kuchakata taka ni biashara, basi soko liachiwe. Tufanye hesabu. Chupa ya maji ya nusu lita haifiki gramu 20, kwa hivyo kilo moja ni chupa 50 na zaidi. Muokotaji akizitoa jaani zimepakwa mchuzi na matope, mnunuzi humpunguzia bei au huzikataa. Vyuma chakavu havihitaji kampeni. Hata kipande cha bati hakilali nje. Lakini vioo ni vizito na bei yake duni, na plastiki laini huwa chafu. Usafiri hula faida yote. Soko huchagua nyama na kutuachia mifupa.

Zaidi ya nusu ya taka zetu za nyumbani ni zile zinazooza. Ndizo nzito, na ndizo zinazoharibu nyingine. Tangu jaa la Kibarani lifungwe, safari ya taka za kisiwani imerefuka. Kila ganda linalobaki mtaani kuwa mbolea au chakula cha mbuzi ni dizeli iliyookolewa.

Ujenzi ni mgumu zaidi. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Nyumba ikibomolewa, jiwe lilitoka zima na boriti ikaenda kushika dari nyingine. Saruji haibanduki hivyo. Ukivunja unapata vifusi. Kuvibeba ni ghali kuliko thamani yake, ndiyo maana usiku humwagwa mitaroni na ufuoni. Nafuu ni kuvitumia karibu: kujazia sakafu, kuziba mashimo ya njia. Kaunti inapotoa kibali cha kubomoa, imtake mwenye jengo aseme vifusi vitakwenda wapi.

Kwa majumbani, isianze na mitambo. Ianze na ratiba: siku ya taka mbichi na siku ya taka kavu, na anayetenga alipe ada ndogo. Kile ambacho soko limekataa, kaunti imlipe muokotaji kwa uzani. Itagharimu, ndiyo. Lakini hata sasa tunagharimika, na tunachopata ni moshi wa jaa.

Ndoo zangu mbili bado zipo uani. Nangoja wa kuzipokea.