Timu Iliyoshindwa Isivunjwe

Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru hupita Kikopey, karibu na Gilgil, na kila msafiri apajua mahali pale kwa harufu ya nyama ya mbuzi ichomwayo kando ya njia. Muhula wa kwanza wa mwaka ukiisha kushika kasi, mabasi ya manjano ya shule hupita hapo yamejaa vijana waendao kucheza raga. Asubuhi mabasi yote huimba. Jioni basi moja huimba na jingine hunyamaza, wala mchoma nyama hana haja ya kuuliza ni nani aliyeshinda.

Habari za basi liimbalo huandikwa kila mara. Mwalimu mkuu husifiwa, kombe huwekwa ofisini mwake, na picha hupigwa. Lakini yafaa kuitazama pia habari ya basi lililonyamaza, maana humo ndimo walimo vijana walio wengi. Katika mashindano ya kutoana, shule zote hurudi nyumbani zimeshindwa isipokuwa moja tu. Basi likiwa hilo ndilo fungu la wengi, ni jambo kubwa kujua lifanywe nini asubuhi ya pili yake.

Raga si mchezo mgeni katika Bonde la Ufa, ijapokuwa kwa muda mrefu haukuwa mchezo wa Mwafrika. Kombe la Enterprise, ambalo vilabu vya nchi hii vimelishindania miaka mingi, lilitolewa mwaka 1928 na mabaharia wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo. Huko Gilgil shule ya Pembroke House ilifunguliwa mwaka 1927 kwa ajili ya watoto wa walowezi. Tarehe 28 Septemba 1955 timu mashuhuri ya Lions, iliyokusanywa kutoka visiwa vya Uingereza na Ireland, ilicheza Nairobi na timu ya Afrika Mashariki, ikashinda kwa pointi 39 kwa 12. Siku zile mchezo huo ulikuwa wa Wazungu, na Mwafrika aliutazama kutoka ng'ambo ya ua.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mambo yalianza kugeuka. Shule za Prince of Wales na Duke of York, ambazo sasa ni Nairobi School na Lenana School, ziliwapokea wanafunzi Waafrika, nao wakaushika mchezo kwa mikono miwili. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunda timu yao, Mean Machine, ikalitwaa Kombe la Kenya katika msimu wake wa kwanza. Mwaka 2013 kombe hilo lilipanda Bonde la Ufa likaenda kwa klabu ya Nakuru, na mwaka 2014 likabaki huko huko. Hivyo kijana wa mkulima wa Gilgil, Njoro au Subukia apigaye mpira wa raga leo hachezi kitu cha watu wengine.

Mpango wa msimu wa shule ni huu. Muhula wa kwanza ni wa timu za wachezaji 15. Shule hushindana kwanza katika kaunti ndogo; mshindi huenda kwenye kaunti, kisha kwenye kanda, na mwisho kwenye mashindano ya taifa. Muhula wa pili ni wa timu za wachezaji 7. Ugumu wake waonekana wazi. Vijana huamka alfajiri kukiwa na baridi, hukimbia kuzunguka uwanja wenye umande, hujifunza kusukumana katika skramu majuma mengi, kisha mchana mmoja wa jua kali huyamaliza yote. Atakayeshindwa hapo hana mchezo mwingine wa wachezaji 15 mpaka mwaka mpya.

Ndipo maneno huanza. Mwalimu mkuu huyatazama mahesabu ya mafuta ya basi, huona fedha zimekwenda na kombe halikuja. Mwalimu wa hesabu husema kwamba vijana wale wangalikuwa darasani. Naye mzazi, ajapo siku ya kutembelea, humwita mwanawe kando chini ya mti na kumwambia, "Mwanangu, niliuza ng'ombe ili usome, sikumuuza ili ukavunjwe bega."

Kijana hujibu kwa adabu, "Baba, bega halikuvunjika. Tulishindwa tu."

Katika maneno hayo mafupi mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni hatari, na la pili ni aibu. Mzazi ataja hatari, lakini mara nyingi kilichomwumiza ni aibu. Maana timu ingalishinda, bega lile lile lingalisifiwa. Yafaa mambo haya yatenganishwe, kila moja lipewe dawa yake.

Hatari ni kweli, wala si busara kuificha. Raga ni mchezo wa kugongana. Lililo baya kuliko yote ni mtikisiko wa ubongo, ambao hauonekani kwa macho kama mfupa uliovunjika. Kijana aliyegongwa kichwani akiwa na kizunguzungu, au akitapika, au akisahau timu yake ina pointi ngapi, au akiona ukungu machoni, ana dalili zake. Kanuni ya chama cha raga cha dunia haina kigugumizi: mchezaji anayeshukiwa kuwa na mtikisiko huo hutolewa uwanjani mara moja, wala harudi siku hiyo, hata akisema kuwa amepona, hata fainali ikiwa imebakia dakika mbili. Mwalimu amrudishaye kwa tamaa ya kombe amefanya kosa kubwa kuliko kupoteza mchezo.

Kadhalika ziko njia za kupunguza hatari nyingine. Kijana afundishwe kumkamata mwenye mpira chini ya mabega, na kichwa chake mwenyewe akiweke kando, kamwe kisiwe mbele ya magoti ya mkimbiaji. Wale watatu wa mstari wa mbele katika skramu wasichaguliwe kwa unene tu. Wafundishwe kwanza, maana shingo zao ndizo zibebazo uzito wa wote walio nyuma. Na kama shule haina waliofundishwa, sheria yaruhusu skramu ifanywe bila kusukumana. Kuomba hivyo si woga, bali ni akili. Mzazi akiona mambo haya yanatunzwa, hofu yake itapungua; akiona hayatunzwi, ana haki ya kumwondoa mwanawe, wala asilaumiwe.

Aibu nayo ina dawa nyingine, nayo ni kuyakumbuka mambo yalivyokuwa. Watu wengi wakumbuka jinsi timu ya Kenya ya wachezaji 7 ilivyoishinda Fiji kwa pointi 30 kwa 7 mjini Singapore tarehe 17 Aprili 2016, ikiongozwa na mwalimu wake, marehemu Benjamin Ayimba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kutwaa ubingwa katika mfululizo huo wa dunia. Wachache ndio wakumbukao kwamba Kenya ilikwisha kufika fainali mara mbili kabla ya hapo na kushindwa zote mbili. Mwaka 2009 mjini Adelaide ilishindwa na Afrika Kusini, 26 kwa 7. Mwaka 2013 mjini Wellington ilishindwa na Uingereza, 24 kwa 19, baada ya kuongezwa muda. Kama timu ingalivunjwa baada ya Adelaide, au baada ya Wellington, Singapore isingalikuwako.

Wala kupanda si dawa ya kutoanguka tena. Mwezi wa Mei 2023, mjini London, timu hiyo hiyo ilishindwa na Kanada kwa 12 kwa 7, ikatolewa katika kundi la mataifa makubwa. Wengi walisema kuwa mambo yamekwisha. Kabla mwaka huo haujaisha, mwezi wa Septemba mjini Harare, vijana wa Kenya waliishinda Afrika Kusini 17 kwa 12 wakapata nafasi ya kucheza Olimpiki ya Paris. Na mwezi wa Juni 2024, mjini Madrid, waliishinda Ujerumani 33 kwa 15 wakarudi katika kundi walilotolewa.

Na asemaye kwamba hayo ni ya watu wazima, atazame vijana wa chini ya miaka 20, ambao wengi wao madawati yao ya shule hayajapoa. Mwaka 2018 nafasi ya Afrika katika mashindano ya dunia ya vijana ilichukuliwa na Namibia. Aprili 2019, mjini Nairobi, vijana wa Kenya walikutana na Namibia hiyo hiyo wakaishinda 21 kwa 18, wakaenda Brazil. Tofauti ilikuwa pointi tatu, yaani mkwaju mmoja wa adhabu.

Hesabu hiyo ya mkwaju mmoja yafaa kufikiriwa na kila timu ya shule. Trai, yaani kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli, huleta pointi 5, na mkwaju uufuatao ukiingia huongeza 2. Mkwaju wa adhabu huleta 3. Tuseme shule imeshindwa 26 kwa 5. Wakirudi nyumbani vijana husema, "Walikuwa wakubwa kuliko sisi." Lakini mwalimu akiketi nao na daftari, huenda akaona kwamba adui alipata trai mbili pamoja na mikwaju yake, ndiyo pointi 14, na nyingine 12 zilitoka katika adhabu nne. Wawili walisimama mbele ya mpira, mmoja aliushika akiwa amelala chini, mmoja alibishana na refa. Pointi hizo 12 hazikuletwa na ukubwa wa adui hata kidogo. Zilitolewa bure. Bila hizo wangalishindwa bado, 14 kwa 5, lakini ule ungalikuwa mchezo wa watu wanaokaribiana, na kijana aonaye hivyo hulala usingizi na kuamka ana kazi ya kufanya.

Mkulima alielewa jambo hili zamani. Mwaka wa ukame asipopata mahindi, hang'oi ua wa shamba akaliuza. Hutazama kama alichelewa kupanda, kama mbegu ilikuwa mbaya, kama magugu yalimshinda. Yaliyo ya mvua humwachia Mungu, yaliyo ya jembe huyatengeneza. Timu nayo ina mambo yake ya mvua, kama kukutana mapema na shule yenye vijana wazito. Na ina mambo yake ya jembe, kama adhabu zile nne.

Tena mpango wenyewe wa mwaka una huruma ambayo shule nyingi hazitumii. Timu iliyosukumwa nyuma katika skramu muhula wa kwanza yaweza kuwa hatari katika mchezo wa wachezaji 7 muhula wa pili. Humo skramu ni ya watu watatu tu kila upande, uwanja ni ule ule mkubwa, na mbio na pumzi hushinda uzito. Vijana wa nchi ya juu, waliozoea kupanda vilima kwenda shule, hawakosi pumzi. Mwalimu mkuu avunjaye timu mwezi wa Machi hulitupa shamba kabla ya msimu wa pili wa kupanda.

Na kuhusu vitabu, mchezo na masomo si maadui. Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa timu ya Kenya ya wachezaji 7, alisomea kemia chuo kikuu, na mwaka 2021 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Nduguye, Collins Injera, mwaka 2016 alifikisha trai 231 katika mfululizo wa dunia, akawapita wote waliomtangulia, ingawa baadaye rekodi hiyo ilivunjwa na mwingine. Si kila kijana atakuwa kama hao. Walio wengi watakuwa wakulima, makarani, walimu na madereva. Lakini kila mmoja wao siku moja ataona mazao yakiharibika, au ombi la kazi likikataliwa, na itamfaa kuwa alikwisha kujifunza ujanani jinsi mtu ashindwavyo, na jinsi arudivyo kazini Jumatatu.

Basi mzazi asikie nini, na afanye nini? Aende shuleni mara moja katika muhula, si siku ya fainali, bali siku ya mazoezi, akamwulize mwalimu maswali matatu: Ni nani afundishaye kukamata na kusukuma? Mtoto akigongwa kichwani, ni nani amtoaye uwanjani, na hupelekwa zahanati gani? Na timu ikishindwa, mwawaambia nini? Akijibiwa vizuri maswali mawili ya kwanza, amwache mwanawe acheze. Jibu la swali la tatu litamwonyesha kama shule hiyo yafundisha raga tu, au yamfundisha mtoto wake pia.