Sanduku Lisilofunguliwa



Ndugu zetu wasomaji, juma hili tuliketi na familia moja hapa Mbwajumali, iliyotupa idhini ya kusimulia jambo lao bila kutaja jina. Baba wa nyumba hii alikuwa seremala. Alipofariki, Allah amrehemu, aliacha chini ya kitanda masanduku matatu ya zana alizoletewa na jamaa yake miaka sita iliyopita, yakiwa na utepe wake wa kiwandani. Alikuwa akiyaweka kwa ajili ya siku atakayofungua karakana yake mwenyewe. Siku hiyo haikufika.

Mama alipomaliza eda, mwanawe mkubwa alitoa shauri zana zile ziuzwe mtandaoni, kwa Facebook au Jiji, ambako neno "mpya, haijafunguliwa" huvuta wanunuzi. "Mama, tusiyaguse," alisema. "Likifunguliwa tu, bei imeshuka." Mama akamjibu, "Mwanangu, sisi hatujui kilichomo, na mnunuzi hajui. Tutauziana nini?"

Swali hili la mama ndilo tunalolileta kwenu, kwa kuwa nyumba nyingi za visiwani zina sanduku la namna hii.

Kwanza, mali ni ya nani? Zana za marehemu si za mwana mkubwa, wala si za mjane peke yake. Ni tirka. Hutangulizwa gharama za mazishi, kisha deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na ndipo warithi hugawana. Marehemu aliacha deni la mbao la shilingi 6,000, mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Wazazi wake walikwisha kumtangulia. Tuchukulie kuwa zana zitauzwa kwa shilingi 30,000. Deni likilipwa, hubaki 24,000. Mjane ana thumni, yaani 3,000. Zinazobaki, 21,000, hugawanywa mafungu saba: kila binti 3,000, kila mwana 6,000. Basi kabla ya tangazo kuwekwa, mabinti walioolewa mbali wapigiwe simu waridhie. Penye mzozo, Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka ya kuamua mirathi baina ya Waislamu walioridhia kwenda mbele yake.

Pili, ndani ya sanduku mna nini? Twajua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye rundo la nafaka. Alitia mkono ndani akakuta unyevu, na muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume alimhoji kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akakemea udanganyifu. Nafaka ile ilikuwa kavu kwa nje, kama sanduku letu. Ndiyo maana katika madhehebu ya Imamu Shafii kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa kuuza kitu kilichopo ambacho hakikuonekana hakusihi, na kauli ya pili huruhusu kwa sharti kwamba mnunuzi apewe hiari atakapokiona.

Familia ikakubaliana kufungua. Sanduku la kwanza lilikuwa na randa na patasi. Hewa ya chumvi ya bahari yetu haizuiliwi na karatasi. Makali yalikuwa na madoa ya kutu, ingawa mepesi, ya kuondolewa kwa mafuta na jiwe la kunolea. La pili lilikuwa na keekee ya betri. Mashine ilikuwa nzima, lakini betri haikupokea moto hata kidogo, kwa maana betri hufa kwa kukaa pia, si kwa kutumika tu.

La tatu ndilo lililotutia hofu. Lilikuwa na diski za kukatia chuma. Diski hizi huundwa kwa chembe ngumu zilizoshikwa na gundi, na gundi hiyo hudhoofika kwa umri na unyevu. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati huchapwa tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo kwa desturi haizidi miaka mitatu tangu kuundwa. Hizi zilikuwa zimepita tarehe yake zamani. Mashine ndogo huzungusha diski yapata mara 11,000 kwa dakika. Ikipasuka, kipande humrukia fundi usoni. Kijana alizitazama, akanyamaza, kisha akazivunja moja moja kwa nyundo. Hakuzigawa bure, kwa kuwa madhara hayawi halali kwa kutolewa sadaka.

Tangazo likaandikwa upya: zana hazijatumika, zimekaa miaka sita karibu na bahari, kutu iko hapa na hapa, betri imekufa, dhamana ya kiwanda imekwisha. Picha za kutu zikatangulia picha za sanduku. Na wenye zana zilizotoka Marekani waongeze hili: nyingi huundwa kwa volti 120, na umeme wetu ni volti 240, zikichomekwa bila kigeuzi huungua.

Tatu, malipo na safari. Msiamini ujumbe wa simu kwamba fedha zimeingia. Tazameni salio lenu la M-Pesa wenyewe. Msimpe mtu namba ya siri. Anayewaomba mtume kwanza "nauli ya dereva" hana nia ya kununua. Bora mnunuzi au mtu wake aje aone kabla ya kulipa. Ikibidi mzigo usafiri, ufungwe kwa plastiki dhidi ya maji ya chombo, upelekwe Mokowe kwa mtu mnayemjua, nao upakiwe basi la Mombasa kwa risiti.

Zana zile zilinunuliwa na seremala wa Malindi aliyekuja mwenyewe. Alizigeuzageuza, akapunguza bei, akalipa shilingi 19,000. Ni chini sana ya zile 30,000 alizotaraji kijana. Deni la mbao lililipwa siku ile ile, na 13,000 zikagawanywa kwa hesabu tuliyoieleza. Fungu la mama lilikuwa shilingi 1,625. Alizifunga katika ncha ya leso yake, akatuambia, "Baba yao hakuwahi kumuuzia mtu ubao wenye ufa bila kumwonyesha ufa wake."

Allah atujaalie riziki za halali, atulipie madeni ya marehemu wetu. Wallahu a'lam.