Jenerali Musuguri: Kumkumbuka ni Kufundisha

Tarehe 29 Oktoba 2024 Taifa letu lilimpoteza Jenerali David Musuguri, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi wa zamani, akiwa na umri wa miaka 104. Mauti ni haki, na mtu aliyejaliwa na Mwenyezi Mungu umri wa namna hiyo hawezi kusemwa kwamba amekatiwa safari. Kwa hiyo hatuandiki maneno haya kwa ajili ya kulia. Tunaandika kwa sababu tangu siku ile tumesikia sifa nyingi za marehemu, na karibu zote ni sifa za ushindi. Husemwa kwamba alimpiga nduli Idi Amin, watu wakapiga makofi, na mazungumzo yakaishia hapo. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kabla ya kuwa mshindi, Musuguri alikuwa mwalimu wa askari, na deni la mwalimu hulipwa kwa somo lake kuendelea kufundishwa.

Marehemu alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920. Mwaka 1942 aliingia katika jeshi la Mwingereza, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya, akapelekwa kupigana Madagaska. Mwaka 1947, akiwa sajini, alifanywa mkufunzi katika kambi ya Kahawa nchini Kenya. Miongoni mwa askari waliopita mikononi mwake alikuwamo kijana mmoja wa Uganda mwenye mwili mkubwa. Kijana huyo ndiye Idi Amin.

Watu hulisimulia jambo hili kama kichekesho cha historia: mwalimu akaja kumwadhibu mwanafunzi wake baada ya miaka 32. Sisi twaliona kuwa ni jambo la kutisha. Katika uwanja ule ule, kwa amri zile zile na bunduki za aina moja, walipita watu wawili. Mmoja alikuja kuwa mlinzi wa wananchi, na mwingine akaja kuwa mchinjaji wa wananchi wake mwenyewe. Maana yake ni kwamba Keya ilifundisha shabaha, ilifundisha kwata na utii wa amri, lakini haikumfundisha askari swali la msingi: bunduki hii ni ya nani, na inamlinda nani? Mkoloni hakutaka swali hilo liulizwe, kwa sababu jibu lake lingemwondoa yeye mwenyewe.

Sisi wa Cheyo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mnamo tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Kolito, Dar es Salaam, waliasi. Siku ya pili yake uasi ukafika hapa Tabora, katika kambi iliyoitwa Kalewa. Tuyatazame majina hayo kwanza. Kolito ni mahali pa Ethiopia na Kalewa ni mahali pa Burma, ambako vijana wa Afrika walimwaga damu katika vita vya wakubwa wengine. Nchi ilikuwa huru tangu Desemba 1961, lakini jeshi lake lilikuwa bado likiongozwa na maofisa wa Kiingereza, na likiishi katika kambi zenye majina ya kumbukumbu za Waingereza.

Askari walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa hao. Malalamiko yenyewe hayakukosa haki. Lakini haki inayodaiwa kwa mtutu wa bunduki hugeuka dhuluma siku hiyo hiyo, na Serikali changa ikajikuta inalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, aibu ambayo Mwalimu Nyerere hakuificha. Luteni Musuguri alikuwa mmoja wa maofisa wachache Waafrika waliokuwapo hapa Tabora siku zile, na Kapteni Mrisho Sarakikya ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Waliona kwa macho yao jinsi kikosi chenye mafunzo kamili kinavyoweza kuwa kundi la watu wenye silaha tu. Lile jeshi la kikoloni likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Sarakikya. Neno "wananchi" katika jina hilo halikuwekwa kwa ajili ya pambo. Lilikuwa ndilo jibu la swali ambalo Keya haikulifundisha.

Miaka saba baadaye, Januari 1971, mwanafunzi yule wa Kahawa aliipindua serikali ya Uganda. TANU haikukawia kulitafakari jambo hilo. Mwongozo wa mwaka huo uliagiza wananchi wafundishwe ulinzi na mgambo uimarishwe, na ukawakataza viongozi majivuno na dharau. Mambo hayo mawili yaliwekwa katika waraka mmoja kwa hekima. Kiongozi mwenye kiburi akishika silaha ni Amin mdogo, hata kama eneo lake ni nyumba kumi tu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, ni mali yake. Mwalimu akalijulisha Taifa kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Vijana waliotoka kambi za Tabora walikuwa miongoni mwa waliokwenda mbele, na maelfu ya mgambo wakaacha majembe yao wakafuata. Musuguri akakabidhiwa Divisheni ya 20, ambayo ilipita Masaka, Lukaya, Mpigi na Entebbe, hata Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Tunataka msomaji asimame kidogo pale Lukaya. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, katika barabara iliyopita kwenye kinamasi, Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ilishambuliwa kwa makombora na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. Ikarudi nyuma kwa fujo. Jeshi la kukodiwa lingeishia hapo. Lakini Brigedi ya 208 iliamriwa kuzunguka na kuja ubavuni mwa adui. Wale waliorudi nyuma wakapangwa upya, na alfajiri ya tarehe 11 mashambulizi yakaanza tena, adui akakimbia. Mtu aliyekuwa mkulima juzi hawezi kurudi alfajiri mahali alipokimbia usiku kwa kuogopa fimbo peke yake. Hurudi kwa sababu anajua anapigania nini, na kwa sababu anamwamini anayemwongoza.

Wala tusifiche machungu ya vita. Miji ya Masaka na Mbarara ilibomolewa kwa kisasi cha mambo yaliyotendwa Kagera. Hayo nayo ni sehemu ya somo, maana askari aliyefundishwa vizuri hulindwa pia asije akafanana na adui yake.

Baada ya vita Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi tangu mwaka 1980 hadi 1988. Miaka hiyo haikuwa ya raha. Bidhaa zilikuwa adimu, na mwaka 1983 walikamatwa baadhi ya maofisa na raia kwa tuhuma za njama ya kuipindua Serikali. Jirani zetu wa Uganda waliona serikali ikipinduliwa Julai 1985, na nyingine ikiangushwa kwa vita Januari 1986. Katikati ya misukosuko hiyo, Novemba 1985, Tanzania ilimpokea Rais Ali Hassan Mwinyi kutoka kwa Mwalimu Nyerere, na majeshi yakapiga saluti. Mwaka 1988 Jenerali Musuguri naye akakabidhi madaraka kwa Jenerali Ernest Mwita Kiaro, akarudi kuishi Butiama. Mtu aliyeiteka Kampala hakudai kiti cha mtu nyumbani kwake. Kwetu sisi ushindi huu ni mkubwa kuliko ule wa Lukaya, ingawa hauna picha wala gwaride.

Basi tunadaiwa nini? Wazee wa Unyamwezi waliosafiri kati ya Ujiji na Bagamoyo walikuwa na mtu aliyeitwa kirangozi, mtangulizi wa msafara. Njia ilikaa kichwani mwake: maji yako wapi, pori gani lina hatari, mtemi gani anataka hongo. Vijana walijifunza njia kwa kutembea nyuma yake. Kirangozi aliyekufa bila ya kuwafundisha wenziwe alikufa na njia yake.

Makirangozi wa vita vya Kagera wanaondoka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Mto Kagera mwaka 1979 ni mzee wa zaidi ya miaka 65 sasa. Wazee hao tunapanga nao safu moja misikitini na makanisani, na tunakutana nao chini ya miembe ya mji huu. Wengine walikuwa mgambo, hawana cheo wala nishani ya kuwatambulisha. Sisi tuliozaliwa baada ya bunduki kunyamaza twawaamkia shikamoo, kisha twapita. Watoto wetu wanamjua Amin kwa michezo ya sinema kuliko wanavyomjua mzee wa mtaa wa pili.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Jeshi, na kwamba jeshi lina siri zake. Hatuombi siri za jeshi. Tunaomba kujua mtu aliaga vipi nyumbani, alikula nini njiani, aliogopa nini, na kwa nini hakukimbia. Tunapendekeza kila tawi la Chama hapa Cheyo liwaorodheshe wazee hao bila ya kuuliza itikadi zao za leo, maana hawakuulizwa kabila wala dini walipoitwa. Walimu wa historia wawaalike madarasani, na vijana, ambao kila mmoja ana simu ya kurekodi sauti mfukoni, wayahifadhi masimulizi hayo katika maktaba za shule. Kazi hii haihitaji mfadhili wala semina. Inahitaji mkeka, kikombe cha chai na masikio yenye adabu.

Barabara na majengo yanaweza kupewa jina la Musuguri, na ni halali yake. Lakini jina juu ya bati haliwezi kumfundisha kijana tofauti kati ya wanafunzi wawili wa Kahawa. Kazi hiyo ni yetu, na waliobaki wa kutusaidia wanapungua kila mwaka.

Mwenyezi Mungu amrehemu Jenerali Musuguri, na wote walioanguka ng'ambo ya Mto Kagera bila ya majina yao kuandikwa magazetini.