Wacheni Kukopi Msiba wa Nyuki wa Marekani

Wasee, tuongee. Kila Mei 20, Siku ya Nyuki Duniani, status zenu zinajaa emoji za nyuki na kilio cha mizinga ya Marekani. Sawa. Sasa niambie, Elliud Muli unamjua? Nilijua tu.

Huyo ni mwanasayansi wa nyuki wa hapa hapa. Amefunza Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kitui, na kufanya utafiti na icipe, pale Kasarani. Mwaka 2009, kadudu kanaitwa varoa kalipatikana kwa mizinga ya Kenya. Kanajibandika kwa nyuki, kanamnyonya na kumwachia virusi. Huko Marekani, usipokadhibiti, mzinga unaisha.

Muli hakungoja kusimuliwa. 2010, yeye na wenzake, wakiwemo wa Penn State, walikagua mizinga sehemu 24 za Kenya, Pwani hadi milimani. Matokeo yalitoka 2014: varoa ilikuwa karibu kila mahali isipokuwa jangwa la kaskazini, lakini mizinga iliyokuwa nayo kwa wingi haikuwa na nyuki wachache kuliko mingine. Nyuki wetu walikuwa wanaishi nayo, bila dawa yoyote. Masalia ya sumu za shambani pia yalikuwa kidogo.

Sasa kuna wajuaji wanataka wafugaji wetu wanunue dawa ya varoa juu eti Wazungu wanatumia. Kwani unameza dawa ya ugonjwa wa jirani? Hizo kemikali zinaingia kwa nta, varoa inazizoea, na nyuki dhaifu wanabebwa badala ya wagumu kubaki. Mfugaji naye anabaki na bili.

Na msiniambie basi tulale. Vipimo vya 2010 si bima. Mwaka 2018 Ulaya ilipiga marufuku imidacloprid na wenzake wawili kwa mashamba ya wazi, kwa sababu ya nyuki. Huku kwetu imidacloprid iliendelea kuuzwa agrovet. Varoa tulivumilia, lakini sumu tunajinunulia wenyewe. Hapo ndipo kelele zenu zinahitajika.

Kwa hivyo Mei ikifika, weka jina la Muli kwa hiyo status. Utafiti wake uko bure mtandaoni. Mimi sina digrii na niliusoma. Wewe unangoja nini?