Mtungi wa Mkaguzi Hauzimi Moto wa Karai

Mitungi mingi ya kuzimia moto ninayoikuta katika hoteli za Isiolo haikununuliwa kwa sababu ya moto. Ilinunuliwa kwa sababu ya mkaguzi. Nasema hivi nikiwa fundi wa kuijaza na kuikagua, kazi inayoniingiza jikoni, kule ambako wateja hawafiki, kuanzia hapa mjini hadi Kinna na Garbatulla.

Ramadhani moja niliitwa kwenye hoteli ya hapa mjini. Magharibi ilikuwa inakaribia na karai la sambusa limejaa mafuta. Mtungi ulikuwapo: mwekundu, unang'aa, mshale wa geji uko kwenye kijani, kadi ya ukaguzi inaning'inia shingoni. Ila ulikuwa umetundikwa ukutani nyuma ya jiko lenyewe. Karai lingeshika moto, mpishi angelazimika kupitisha mkono juu ya ndimi ili aufikie. Nikaushusha, nikaugeuza kichwa chini, nikautegea sikio. Hakikuteremka kitu. Unga ulikuwa umeganda ndani kama saruji. Nilipomwambia mwenye hoteli, alinijibu kwa upole, "Fundi, uache tu hapo. Mkaguzi alishapita."

Tuseme unga ungekuwa mzima. Bado usingefaa sana. Mafuta ya kupikia yakifika nyuzi 350 hivi za Selsiasi huwaka yenyewe, hata yasipoguswa na moto. Unga huangusha ndimi kwa muda mfupi lakini haupozi mafuta. Joto likibaki pale pale, yanawaka tena, na wakati huo mtungi umekwisha. Mtungi wa kabonidioksidi nao, ukipulizwa kwa karibu, nguvu yake yaweza kuyarusha mafuta nje ya karai. Maji ndiyo balaa kabisa: lita moja ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya lita 1,700 hivi, na mvuke huo hupanda hadi kwenye mabati ukiwa umebeba mafuta yanayowaka.

Upo mtungi uliotengenezewa moto huu. Una mkanda au lebo ya manjano na herufi F. Ile ya Kimarekani huandikwa K. Ndani yake mna maji yenye chumvi za potasiamu. Dawa hiyo ikiyapata mafuta ya moto hugeuka povu la sabuni, ikayafunika na kuyapoza kwa pamoja. Katika majiko makubwa ya hospitali na mahoteli ya kitalii, dawa hiyo hupitishwa kwenye mabomba juu ya jiko. Joto likizidi, kiungo kidogo cha madini kinayeyuka, dawa inashuka na gesi inakatwa, hata kama mpishi ameshakimbia.

Najua mtasema fundi anapigia debe biashara yake, maana mtungi wa manjano una bei kuliko wa unga. Basi kifaa cha kwanza ninachokipendekeza mimi sikiuzi: kifuniko cha chuma kinachoenea karai lote, kikae pale mkono unapofika. Mafuta yakishika, zima gesi, funika, jitenge, wala usifunue hadi yapoe. Usilibebe karai kulitoa nje. Wengi huungua mlangoni. Kwa kina mama wanaokaanga nyama ya nyirinyiri kwenye jiko la kuni, ambalo halina swichi ya kuzimia, kifuniko hicho kina thamani kuliko mtungi wowote wa unga nilioujaza.

Kosa hili la kutundika bila kufikiri halipo kwenye mitungi peke yake. Nimeona kitambua moshi kimefungwa juu ya jiko la chapati. Kinalia asubuhi, kinalia mchana, mwishowe mtu anapanda kiti na kung'oa betri. Jikoni panataka kitambua joto. Kitambua moshi mahali pake ni pale watu wanapolala. Septemba 2024 wavulana 21 waliangamia bweni lao lilipoungua usiku katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, na siku chache baadaye moto ukazuka katika bweni la Isiolo Girls, hapa kwetu. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka milango ya mabweni ifunguke kuelekea nje na madirisha yasiwe na vyuma. Hayo yote humsaidia mtoto aliyekwisha kuamka. Mtungi wa ukutani haumwamshi mtu. Kengele ndiyo inayoamsha, na ni kengele niionayo kwa nadra zaidi katika kazi yangu.

Sheria hatukukosa. Kanuni za kupunguza hatari ya moto kazini, za mwaka 2007, zinamtaka mwajiri afanye zoezi la moto angalau mara moja kila miezi 12. Katiba ya 2010 nayo ilizikabidhi kaunti kazi ya zimamoto, na ni kaunti hizo hizo zinazotoa leseni za biashara. Kwa hiyo anayegonga muhuri ndiye atakayetuma gari la zimamoto moto ukiwaka. Na kaunti yetu ni pana. Gari likitoka mjini kwenda Merti, litakuta majivu. Moto wa jikoni huzimwa na aliye jikoni, au hauzimwi.

Ndiyo maana naomba ukaguzi ubadilike, na mabadiliko yenyewe hayahitaji bajeti. Mkaguzi akiingia hotelini, asianze na mwenye hoteli wala na kadi ya shingoni. Aende moja kwa moja kwa mpishi, amuulize: mafuta haya yakishika moto sasa hivi, utafanya nini? Kisha asimame kando amwache aoneshe: gesi inazimiwa wapi, kifuniko kiko wapi, mtungi unafikiwa vipi bila kuuvuka moto, na watu watatokea mlango gani. Atakayejibu kwamba atamwaga maji, leseni ya hoteli ile isubiri mpaka afundishwe.

Nawe mwenye hoteli, usingoje kuulizwa na kaunti. Muulize mpishi wako swali hilo leo, kabla jiko halijawashwa.