Hewa Ikipungua Majini, Mwenzi Ajulishwe Mapema

Wazamiaji wanaokamata samaki wa mapambo katika mwambao wa Ziwa Tanganyika wanajua jambo ambalo vitabu vya tiba hulieleza kwa kurasa nyingi. Samaki aliyenaswa kilindini hapandishwi juu kwa mkupuo mmoja. Hupandishwa kwa hatua na kupumzishwa njiani, kwa kuwa kibofu chake cha hewa hutanuka kadiri mgandamizo wa maji unavyopungua, na akiharakishwa huweza kufa. Linalosikitisha ni kwamba mtu anayempa samaki muda huo aweza kujinyima yeye mwenyewe, pale hewa ya mtungi inapomwishia na kumlazimu kupanda mbio.

Mjadala kuhusu usalama wa wazamiaji mara nyingi huelekezwa kwenye vifaa na hospitali. Kwa Kigoma na Ujiji, mkazo huo hautoshi. Hapa, kuitazama geji ya mtungi na kumweleza mwenzi kwa ishara kiasi cha hewa kilichobaki ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa sababu tiba kamili ya madhara ya kupanda haraka iko mbali, na safari ya kuifuata ina hatari yake.

Hewa iliyovutwa mtu akiwa kilindini hutanuka anapopanda. Kutoka kina cha mita kumi hadi usoni mwa maji, ujazo wake huongezeka takribani maradufu. Mzamiaji aliyeishiwa hewa, akiwa na hofu na amebana pumzi, huweza kupasuka mapafu. Viputo vya hewa vikaingia kwenye damu na kuziba mishipa ya ubongo. Aidha, nitrojeni iliyoyeyuka mwilini wakati wa kuzamia, isipopewa muda wa kutoka taratibu kupitia mapafu, hugeuka viputo ndani ya viungo, mishipa na uti wa mgongo. Uchambuzi wa vifo 947 vya wazamiaji wa burudani, uliochapishwa mwaka 2008 na Denoble na wenzake, ulionyesha kuwa miongoni mwa vifo ambavyo chanzo chake kiliweza kubainishwa, asilimia 41 vilianzia kwenye upungufu wa hewa.

Upungufu huo haumvamii mtu bila hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una takribani lita 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa nchi kavu hutumia karibu lita 80 kwa dakika akiwa kina cha mita 30. Akibakiwa na bar 50 katika kina hicho, ana lita 600 tu. Yeye peke yake, akiwa ametulia, atapanda salama. Lakini iwapo mwenzake ameishiwa na sasa wanagawana mtungi huo, na hofu imeongeza upumuaji wa kila mmoja maradufu, lita hizo hazitoshi hata kuwafikisha juu kwa mwendo unaoshauriwa, usiozidi mita tisa kwa dakika, sembuse kusimama dakika tatu katika kina cha mita tano. Kwa hiyo, bar 50 ni akiba ya kufika nayo juu. Taarifa yapasa kutolewa mapema zaidi, kwa mfano mtungi unapofika nusu, na safari ya kurudi ianze wakati hewa ingali nyingi.

Chini ya maji hakuna sauti. Mkono ndio ulimi. Ngumi kifuani humaanisha hewa inapungua. Kiganja kinachopitishwa shingoni kama kisu humaanisha hewa imekwisha. Kidole gumba kilichoinuliwa, ambacho mitaani ni ishara ya kwamba mambo ni mazuri, majini ni ishara ya kupanda juu. Usalama huonyeshwa kwa duara la kidole gumba na cha shahada. Wawili wasiokubaliana juu ya ishara hizi wakiwa bado mtumbwini hawatakubaliana wakiwa kilindini, hofu ikiwa imewatawala.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa zaidi si kutojua ishara, bali ni kuona haya. Kijana aliyezamia na mkubwa wake kazini huchelea kuonekana mwoga au kumkatizia kazi, akanyamaza hadi geji inapokaribia sifuri. Heshima ya namna hiyo haina nafasi kilindini. Yapasa mkubwa ndiye aulize kwanza, aulize tena na tena, na akubali kwamba ishara ya mdogo inatosha kusitisha kazi bila lawama wala kukatwa ujira. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha geji naye hana kinga.

Jiografia ya Kigoma huongeza uzito wa hoja hii. Uso wa ziwa uko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya bahari huhitaji kurekebishwa mahali palipozidi mita 300, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na viputo hutokea kwa urahisi zaidi. Nayo chemba ya mgandamizo, ambayo ndiyo tiba mahususi, ni ya kutafutwa upande wa Bahari ya Hindi. Kwa reli ya kati, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200, na njia hupanda hadi Tabora, iliyo takribani mita 1,200 juu ya bahari. Mgonjwa anayesafirishwa hupandishwa juu zaidi kabla ya kushushwa pwani, na viputo mwilini mwake huweza kutanuka njiani. Ndege isiyoshikilia mgandamizo wa usawa wa chini ina hatari hiyohiyo.

Kwa mhudumu wa afya, swali moja laweza kuokoa maisha: je, umezamia kwa hewa ya mtungi ndani ya saa 24 zilizopita? Mtu mwenye maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, miguu isiyo na nguvu au mkojo uliozuilika asihukumiwe haraka kuwa na malaria au ulevi. Alazwe chali, apewe oksijeni ya asilimia 100 hata kama kipimo cha kidoleni kinasomeka vizuri, apewe maji ya kutosha, na daktari wa tiba ya wazamiaji aulizwe kabla ya safari. Nitrasi oksaidi isitumike kutuliza maumivu, kwani hukuza viputo. Wala mgonjwa asirudishwe majini kwa kudhani kwamba kina kitamponya. Mzamiaji naye aseme ukweli wote: alizama kina gani, kwa muda gani, na alipandaje.

Huenda ikasemwa kwamba wazoefu hawahitaji masharti haya, au kwamba hali ya kipato haiyaruhusu. Uzoefu hauongezi hewa mtungini, na ishara ya mkono haina bei. Wanaowaajiri wazamiaji wana wajibu wa kuweka oksijeni mtumbwini na kuhakikisha hakuna anayezamia peke yake. Lakini hata kabla ya hayo kutimia, wawili wanaweza kukubaliana leo, ufukweni, juu ya mambo matatu: ishara zao, kiwango cha hewa cha kugeukia, na kwamba mmoja akisema tupande, wote wawili wanapanda.