Ulibonyeza 'Nakubali'. Sheria inasemaje?

Saa kumi jioni Mtaa wa Msimbazi umefurika watu. Mama mwenye meza ya nguo za watoto anapokea simu ya wifi yake. "Wifi, kuna watu wamenitumia meseji, wanasema wewe ni tapeli, umekimbia deni."

Wazazi wengi Kariakoo wanakijua kisa cha namna hii. Mkopo ulichukuliwa kwenye programu ya simu, ada ya shule ikalipwa, marejesho yakachelewa siku mbili. Siku ya kukopa, mama alibonyeza "Nakubali" mara nne. Moja kati ya hizo iliruhusu programu isome namba zote alizohifadhi. Sasa halali, kichwa kinamuuma, na kila simu ikiita moyo unamwenda mbio. Kinachomnyamazisha ni wazo moja: nilikubali mwenyewe.

Kukubali kwa kidole kuna uzito, hilo lisipuuzwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mkataba uliofungwa kwa njia ya mtandao, kwa hiyo deni halifutiki kwa sababu tu hakuna karatasi wala saini ya wino. Lakini Sheria ya Mikataba inataka ridhaa iwe ya hiari, isiyopatikana kwa vitisho wala udanganyifu, na jambo lenyewe liwe halali. Sharti linalokwenda kinyume cha sheria halipati nguvu kwa kubonyezwa.

Hata mahakama za Marekani hazikuwa na jibu moja. Mwaka 1996, katika kesi ya ProCD, masharti ya programu yaliyokuwa ndani ya boksi yalikubaliwa kuwa mkataba. Mwaka 2002, katika kesi ya Netscape, yalikataliwa, kwa sababu yaliwekwa chini ya kitufe cha kupakua ambako mtumiaji hakulazimika kufika. Na hao walikuwa wanasoma lugha yao. Kwetu masharti mara nyingi ni Kiingereza cha wanasheria, kirefu, kwenye kioo kisichozidi kiganja.

Kuhusu zile namba za ndugu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Wifi hakukopa wala hakubonyeza chochote, na mama hana mamlaka ya kumkubalia. Kenya, Septemba 2023, mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 za huko kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine kutuma vitisho. Hapa nchini, Novemba 2024, Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kukopa, uliza leseni ya BoT kwanza.

Watoto nao wanabonyeza. Kijana wa miaka 14 anayecheza gemu kwenye simu ya baba yake na kukubali kununua vitu humo hajafikisha miaka 18, na mtu asiye na umri huo hana uwezo kamili wa kufunga mkataba. Tatizo ni kwamba hela inakuwa imeshakatwa, na kuidai ni kazi ya baba. Namba ya siri ya kulipia asipewe mtoto, hata akililia.

Kwa mama wa Msimbazi, deni halali atalilipa, ila kwa mtu mwenye leseni na kwa kiasi alichoelezwa. Asikope programu ya pili kulipia ya kwanza. Hapo ndipo usingizi unapotea kabisa. Zile meseji asizifute. Azipige picha, pamoja na ile ya wifi yake, azipeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na vitisho avipeleke polisi. Moyo ukiendelea kwenda mbio usiku, kituo cha afya kinapima presha, na daktari aambiwe habari ya deni pia.